Kichwa au Ndege

Kasama, 12 Februari 2006

Bwana Bonaventure Sampa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi Eunice na wote waliomo nyumbani mwako. Huku mvua inanyesha bila kupumzika na mahindi yamesimama vizuri. Binti yangu Felistus ameacha kazi yake ya uuguzi kule Mbala ili akae nami. Hakuniomba ruhusa. Alishuka na masanduku yake, akaniondoa jikoni kwangu na kuanza kunipikia uji.

Amekuja kwa sababu ya mapafu yangu. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema huenda nikayaona mavuno ya mwaka huu, lakini ya mwakani nisiyahesabu.

Kwa hiyo nakuandikia jambo moja. Nikifa, usije kunizika. Najua desturi yetu kama unavyoijua wewe: mtu wa ukoo wa Chui huzikwa na mtani wake wa ukoo wa Mbuzi, na wewe ni Mbuzi wangu wa karibu kuliko wote, mtoto wa shangazi yangu. Lakini nimeshazungumza na Mbuzi mwingine hapa Kasama, Bwana Kangwa wa duka la baiskeli. Amekubali kuifanya kazi hiyo.

Simu usipige. Ukitaka kujibu, andika.

Wako,
F. Makasa
Mwalimu Mkuu mstaafu


Luanshya, 30 Machi 2006

Wewe Chui kibogoyo,

Bwana Bonaventure Sampa ni nani? Nimemtafuta nyumba nzima sikumpata. Nimefungua barua yake kwa sababu watu wa posta ya hapa hawajui kusoma vizuri, wakaniletea mimi.

Huku hatujambo kwa kiasi. Mgodi umeuzwa tena, wenye mgodi wapya wamepaka geti rangi na mishahara imebaki vilevile. Sukari imenila kidole gumba cha mguu wa kulia, wamekikata mwezi wa kwanza. Ndicho kidole kilichowafunga ninyi watu wa Mufulira mwaka 69, kwa hiyo nimeomba kizikwe kwa heshima. Eunice anakusalimu. Niliisoma barua yako mezani kwa sauti, naye akacheka mpaka chai ikammwagikia.

Sasa kuhusu huyo Kangwa wa baiskeli. Nilimwona kwenye msiba wa mzee Chilekwa. Anatukana kama mtu anayesoma tangazo la kanisani. Utalala pale kwenye jeneza unasubiri tusi la maana halitoki. Mimi nimeshapanga yangu. Kwanza nitalala kaburini mwako nione kama panakutosha, maana mguu wako mrefu na akili yako fupi. Halafu nitawaeleza wajukuu zako jinsi babu yao alivyowahi kupanda mti akimkimbia jogoo.

Kunywa dawa, mzee. Paka mkubwa kama wewe hafi kwa kikohozi.

Mbuzi wako,
Bona


Kasama, 9 Mei 2006

Bwana Sampa,

Salamu kwa Bibi Eunice, na pole kwa kidole. Mvua zimekatika. Karanga zimevunwa, Felistus ananitwangia kwa sababu siwezi tena kuzitafuna. Napumua vizuri asubuhi, mchana naanza kuhesabu pumzi.

Mliisoma barua yangu mezani mkacheka. Hii isome peke yako. Sikuwa nikitaniana nawe.

Umeutaja mwaka 69 kama unataja hadithi ya watu wengine. Umeisimulia siku ile katika kila baa ya Luanshya. Mimi sijaisimulia hata mara moja, basi leo nisikilize.

Ilikuwa fainali ya Kombe la Mitaa ya Migodi. Wewe nahodha wa Nyota ya Kafubu, mimi nahodha wa Radi ya Mufulira. Pale kwenu tulitoka sare, bao moja kwa moja. Tukarudiana Kitwe, dakika zote bila bao, za nyongeza bila bao, na giza likaingia mpaka kipa wangu Ng'andwe akawa anausikia mpira kuliko anavyouona. Mambo ya kuamua kwa penalti yalikuwa hayajafika kwetu. Kanuni ilisema sarafu. Atakayepata anapanda daraja la kwanza. Sisi tulijua zaidi ya hapo: mgodi ulishachoka kuilipia Radi jezi na lori, na tusipopanda timu inavunjwa. Wachezaji wangu walikuwa wameketi kwenye nyasi, wanaangalia mgongo wangu.

Mwamuzi Lengwe alituita katikati. Alikuwa na sarafu mpya ya ngwee kumi, upande mmoja kichwa cha Rais, upande wa pili yule ndege hondohondo. Alininyooshea kidole mimi, si wewe. Akasema, "Makasa, chagua. Kichwa au ndege."

Nikafungua mdomo. Na wewe uliyesimama ubavuni pangu ukapaza sauti mpaka jukwaani: "Chui hana sauti leo. Kichwa ni changu mimi Mbuzi, yeye mwachieni ndege."

Uwanja mzima ukacheka. Lengwe alikuwa mtu wa kwetu, alijua utani ni utani, akacheka, na huku anacheka akairusha. Mimi nami nikacheka. Hapo ndipo ninapotaka usimame. Nilicheka kwa sababu mama yako mwenyewe alitufundisha, tukiwa wadogo tunakula naye bakuli moja, kwamba anayemkasirikia mtani wake ni mtu asiye na ukoo. Ningesema neno moja tu, "Hapana," Lengwe angeiokota na kurudia. Lakini mbele ya watu wote wale, Chui amnunie Mbuzi? Nikacheka, na kicheko changu kikawa ndiyo sahihi yangu.

Ikaanguka kichwa. Lengwe akauinua mkono wako.

Ng'andwe alinijia bado amevaa glovu. Akaniuliza, "Kapteni, unacheka nini?"

Radi ilivunjwa kabla ya Krismasi, wengine wakarudi vijijini, na Ng'andwe alikufa bila kupata jibu. Nilihama Mufulira kwa sababu ya swali hilo, si kwa sababu ya ualimu kama nilivyowaambieni.

Sasa nakiri kwako jambo ambalo hata padri hajalisikia. Sijaacha kukukasirikia tangu siku ile. Kila harusi na kila msiba niliposimama kukutukana, nikakuita mla nguo, nikakuita mnuka beberu, watu wakishika mbavu, mimi nilikuwa namaanisha. Nimekutukana kweli kwa miaka thelathini na saba, na desturi ikanifichia.

Siwezi kulala kwenye jeneza wewe umesimama juu yangu unafanya mzaha mwingine. Mmoja ulinitosha. Kama una neno la kuniambia, ni neno moja na unalijua. Andika kwamba uliniharibia na kwamba unaomba radhi. Vinginevyo Kangwa atazika.

F. Makasa


Luanshya, 18 Julai 2006

Fidelis,

Unaona, sijui hata nikuite nini. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Eunice aliniuliza imeandikwa nini, nikamwambia ni mambo ya karanga. Mguu haujapona. Shemeji yetu wa Ndola amefariki, tumetoka kumzika juzi, na watu waliningoja nitukane nikashindwa. Nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Hilo umelifanya wewe.

Nitakuambia ninachokumbuka mimi. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na mke mwenye mimba, na meneja alikuwa ameniahidi kazi ya juu ya ardhi kama tutapanda daraja. Nilipoona Lengwe anakunyooshea kidole wewe, hofu ikanitoka kwa mdomo. Ndivyo nilivyo tangu utotoni, nikiogopa natania. Nilitegemea Lengwe atanifukuza na kukuuliza upya. Halafu nikakutazama, nikaona meno yako yote. Kumbe mtu akicheka na mimi nimuulize kama amemaanisha?

Unataka radhi. Hutaipata, Fidelis. Si kiburi. Mtani haombi radhi kwa mtani, kwa sababu akiomba amekiri kwamba walikuwa watu baki. Nikiandika neno hilo nitakuwa kweli Bwana Bonaventure Sampa, na wewe utakuwa mwalimu fulani wa Kasama. Unaomba kitu ambacho nikikupa hutakuwa na mtu wa kukupa.

Na mimi nina hasira zangu. Mama yangu alipokufa, wewe Chui ndiye uliyemzika. Ulilala kaburini mwake, ukakataa kutoka, ukaniita mtoto wa beberu asiyejulikana, nami nikacheka huku nalia. Siku ile peke yake ndiyo iliyonivusha. Nimeitunza. Leo unaniambia ulikuwa unamaanisha. Umekwenda kufukua kaburi la shangazi yako na kutia uchafu ndani yake. Kama ni kuharibiana, basi sasa tumetoka sare.

Lakini kuna jambo sijawahi kuthubutu kukuuliza, nami nitauliza sasa kwa kuwa hatuna tena cha kuvunja. Wewe ulikuwa umeshafungua mdomo. Ungesema nini?

Bona


Kasama, 5 Agosti 2006

Bwana Sampa,

Tumepata habari za shemeji wa Ndola. Mungu amrehemu. Huku baridi ya asubuhi inanimaliza, Felistus ananiwekea jiko la mkaa kando ya kitanda kama vile mimi ni mahindi ya kuchoma.

Swali lako sitalijibu. Mwizi hamuulizi mwenye nyumba alichomwibia kilikuwa na thamani gani.

Kuhusu mama yako: siku ile peke yake sikumaanisha. Yeye alikuwa shangazi yangu. Nakuambia hili si kwa ajili yako.

Jumapili nilisikiliza fainali ya kombe redioni. Walitoka sare, wakapiga penalti. Kijana mmoja wa Kabwe akapiga juu ya lango, na timu yake ikashindwa. Mtangazaji akasema wenzake wamemzunguka, wamemwinua, wanatoka naye wamemshika mabega, na mashabiki wanampigia makofi huku wanamtukana. Alikosa kwa mguu wake mwenyewe. Nilizima redio. Felistus aliponikuta alidhani ni maumivu, akaniletea dawa, nikainywa ili asiulize.

Sijui kwa nini nakuandikia habari hii. Nimekasirika leo kuliko nilivyokasirika mwezi wa pili. Usiandike tena.

F. Makasa


Luanshya, 20 Septemba 2006

Fidelis,

Naandika tena. Mbuzi hukatazwa shamba akaingia.

Eunice anakusalimu. Nimemsomea barua zote, safari hii bila kucheka. Akaenda chumbani, akarudi na ngwee kumi ya zamani. Alikuwa ameiweka chini ya mguu wa kabati lisiyumbe, miaka na miaka. Wajukuu hawajui ni kitu gani. Nchi nzima sasa inanunua kwa noti, wanauliza kama ni kifungo cha koti. Nimeisugua kwa majivu. Kichwa kipo, ndege yupo.

Naitia humu. Mpe Felistus airushe mbele ya padri. Wewe chagua. Safari hii hakuna wa kukusemea: mimi niko Luanshya na mguu mmoja na nusu, na domo langu lote hili haliwezi kufika Kasama. Ukipata, siji, akuzike Kangwa kwa sauti yake ya matangazo. Ukikosa, nakuja, nami nitasema kila nitakalo na utanyamaza.

Hii si radhi. Ni marudiano. Tulirudiana mara moja tu, na kanuni haikusema mwisho ni lini.

Lile swali silirudii.

Bona


Kasama, 15 Oktoba 2006

Wewe mla nguo,

Msalimu Eunice, na umwambie kabati lake sasa litayumba bure. Bahasha imefika imechanwa pembeni na sarafu haimo. Kuna mtu wa posta, kati ya kwako na kwangu, ameiba pesa isiyonunua hata kiberiti. Nimecheka, na kucheka kumeniuma mpaka Felistus akanishika mgongo. Akaona uso wangu, akatoka kwenda jikoni, akarudi na kizibo cha soda. Akasema upande wenye maandishi uwe kichwa. Padri alikuwepo, naye akasogeza kiti. Walikuwa tayari, wote wawili. Felistus akaniambia, "Baba, chagua."

Nilifungua mdomo, Bona. Ilikuwa vilevile kama Kitwe. Neno lilikuwa ulimini limekaa. Nikamwambia akiweke chini kizibo, nikaomba kalamu. Mistari hii inapanda na kushuka, vumilia.

Ndege.

Ningesema ndege. Nilikuwa nimeamua tangu Lengwe alipoingiza mkono mfukoni. Upige kelele wewe, usipige, sarafu ingeanguka kichwa na mkono wa kuinuliwa ungekuwa wako. Radi ingevunjwa. Kila kitu kingekuwa kama kilivyokuwa.

Sasa usianze kufurahi. Watu wote waliokuwepo siku ile wamenihurumia. Wameninunulia bia, wameniambia, "Makasa, ulidhulumiwa, kombe lilikuwa lako." Sikuwasahihisha. Waliniona kama mtu aliyevunjiwa nyumba, na mimi peke yangu nilijua ndani ya nyumba hamkuwa na kitu. Nilikuwa nakudai, na nilijua ninachokudai si kombe. Kwa hiyo sikuweza kukidai, na hasira ikabaki ndani haina pa kutokea.

Ulichoninyang'anya ni kushindwa kwangu. Kilikuwa changu, Bona. Ningesema ndege kwa mdomo wangu, sarafu ingenikataa, ningegeuka kuwatazama wachezaji wangu. Ng'andwe asingeniuliza nacheka nini. Angenitukana. Wangenitukana wote kumi, wakaniita mkosi, halafu wangeniinua wakanishika mabega tukatoka nje pamoja. Yule kijana wa Kabwe alipata kitu hicho redioni, akiwa na miaka ishirini. Mimi nilitoka uwanjani peke yangu, nimekenua, na timu yangu inanitazama kama mtu aliyewauza. Ulishinda kwa halali, mbuzi wewe, ukaniacha mimi sikushinda wala sikushindwa. Nimekaa katikati ya uwanja ule mpaka leo.

Bado nimekasirika. Nataka ujue hilo vizuri. Nimengoja labda nikiliandika neno lile hasira itashuka, haikushuka hata kidogo, isipokuwa sasa ina mahali pa kukaa. Radhi yako sitaki tena. Ulisema kweli, nisingekuwa na mtu wa kunipa.

Kangwa nimemwambia arudi kwenye baiskeli zake. Alishukuru, maskini, alikuwa ameanza kuandika matusi kwenye karatasi ili asiyasahau.

Felistus anasema usingoje simu. Anakijua kifua changu, ni muuguzi. Panda treni ya Jumanne, ukalie upande wa kivuli, na huo mguu uunyooshe. Ukinikuta nimeshakwenda, usiwape nafasi ya kulia kwanza. Shuka kaburini ulale, upime, ukatae kutoka. Wasimulie habari ya jogoo. Waambie nilichagua ndege nikakosa. Liseme hilo kwa sauti ile ile ya Kitwe, wasikie hadi wa nyuma. Nitukane mpaka wapishi waache masufuria.

Ila ujue ninachokuambia: safari hii sitacheka.

Chui wako,
Fidelis